Muni Hajui Kiingereza

Je, ni haki kumwandika mtu kwa lugha ambayo yeye hawezi kukujibu? Swali hili sikulipata darasani wala kwa mwanafalsafa yeyote. Limetoka kwenye vitabu chakavu vya hadithi fupi za Kihindi, vingine vimeandikwa moja kwa moja kwa Kiingereza, vingine vimetafsiriwa, nilivyokuwa nikivinunua kimoja kimoja kwa jamaa wanaotandika vitabu vya mitumba pale katikati ya jiji la Dar es Salaam. Na niseme tangu mwanzo: sikuwa natafuta hadithi. Nilikuwa natafuta Kiingereza.

Msomaji uliyepitia shule zetu hizi unanielewa. Miaka saba ya msingi unasoma kwa Kiswahili, unajua kabisa usanisinuru ni nini na moyo una vyumba vingapi. Unaingia kidato cha kwanza, ghafla moyo ule ule una vyumba vya Kiingereza na wewe huna ufunguo. Tangu siku hiyo Kiingereza kinakuwa mlango wenye bawabu. Ukitamka vibaya darasa zima linacheka, na wanaocheka kwa nguvu zaidi ni wale wanaoogopa zamu yao isije ikafika.

Mshkaji wangu mmoja, msomaji kwelikweli, ndiye aliyenipa dawa. "Achana na Shakespeare," akaniambia, "utazeeka na kamusi mkononi. Anza na Wahindi. Kiingereza chao kinatembea pekupeku." Nikacheka. Lakini nilipokutana na R. K. Narayan nikaona jamaa anajua anachosema. Narayan alizaliwa Madras mwaka 1906 na kufariki 2001. Kwao walikuwa Watamili, yeye hadithi zake akaziandika kwa Kiingereza, na kitabu chake cha kwanza, Swami and Friends, kilitoka Uingereza mwaka 1935 baada ya mwandishi Graham Greene kumsaidia kupata mchapishaji. Sentensi zake ni safi, hazina mbwembwe. Unamaliza ukurasa mzima umefungua kamusi mara mbili tu, unajiona bingwa.

Halafu likatokea jambo nisilolitegemea. Katika hadithi hizi za Wahindi maneno ya Kiingereza ndiyo yaliyonitoa jasho, lakini yale ambayo Mwingereza mwenyewe angehitaji kuelezwa, mimi nilikuwa nayo nyumbani. Dhobi: huyo si dobi? Lakh ni laki yetu, ile ile, mia elfu. Paisa ni pesa. Achar ni achari ya embe iliyo kwenye chupa kabatini. Kamusi yangu ndogo ya shule haikuwa nayo hata moja. Yalikuwa mdomoni mwa bibi yangu, kule Tanga. Sawa, najua yalikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, majahazi na pepo za kusi na kaskazi, hayo tulifundishwa. Ila kulisoma jambo hilo kwenye somo la historia ni kitu kimoja, na kuwa peke yako usiku, taa inafifia, ukakuta dobi amekaa katikati ya sentensi ya Kiingereza, ni kitu kingine. Ni kama kumkuta shangazi yako kwenye foleni ya ubalozi.

Kuna mahali mzee mmoja anautikisa mti ulio mbele ya nyumba yake, anaangusha tunda fulani na kumwambia mkewe ampikie mchuzi nalo. Neno la Kiingereza lililotumika, ukilichukua kama lilivyo, maana yake ni kijiti cha kupigia ngoma. Nikabaki na picha ya mzee anayekula vijiti vya ngoma. Kamusi ikaniongezea kwamba neno hilo pia ni paja la kuku. Mti unaozaa mapaja ya kuku! Siku nyingi zikapita mpaka nilipotambua kwamba mti wenyewe ni mlonge, ambao wengine huuita mzunze, huu huu uliosimama nyuma ya choo cha bibi, na mapodo yake marefu yanayoning'inia. Niliujua mti. Nilimjua mzee wa aina ile. Lugha iliyokaa kati yetu ndiyo iliyonifanya nisiwajue.

Mzee huyo anaitwa Muni, na hadithi inaitwa "A Horse and Two Goats". Narayan aliiweka kwenye mkusanyo wenye jina hilo hilo uliotoka mwaka 1970. Muni ni fukara wa kijiji kidogo sana. Zamani alikuwa na kundi la mbuzi na kondoo, sasa kabaki na mbuzi wawili. Mwenye duka kamkatalia mkopo, mkewe kamfukuza kwa maneno, naye kaenda kuchunga karibu na barabara kuu, kakaa kivulini chini ya sanamu ya farasi wa udongo iliyopo pale tangu enzi. Linakuja gari, linaishiwa petroli, anashuka Mmarekani kavaa kaki. Muni anadhani ni polisi. Kiingereza anachokijua ni maneno mawili, ndiyo na hapana, na Mmarekani Kitamili hajui hata kimoja. Basi wanaongea. Wanaongea sana! Mmarekani anataka kununua farasi akampeleke kwake Marekani. Muni anaeleza habari za farasi kwamba mwisho wa dunia atafufuka na kuwakanyaga waovu, anaeleza maisha yake, anaeleza maiti iliyookotwa karibu na pale. Mwisho Mmarekani anamkabidhi rupia 100, akiamini kanunua sanamu. Muni anazipokea akiamini kauza mbuzi. Mmarekani anasimamisha lori, farasi anang'olewa, anapakiwa, anaondoka. Muni anafika nyumbani na hela, mkewe anaamini kaiba, na mbuzi wale wawili wanarudi wenyewe, wanalia mlangoni.

Mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi. Mara ya pili nikaanza kuhesabu. Katika hadithi ile kuna watu wawili wasioelewana, na mimi msomaji naelewa wote wawili. Kwa nini? Kwa sababu maneno yote, ya Mmarekani na ya Muni, yameandikwa kwa Kiingereza. Kitamili cha Muni hakipo hata tone. Na hapo Narayan kafanya jambo ambalo mimi, kama kijana anayejifunza kuandika, nimelivulia kofia: Kiingereza alichompa Muni ni kizuri kuliko alichompa Mmarekani. Muni anazungumza kwa sentensi ndefu zenye miungu na vita na mvua na njaa ndani yake. Mmarekani anapiga soga za mtu wa biashara aliye likizo. Yule asiyejua Kiingereza ndiye mwenye Kiingereza kitamu. Ungeweza kusema haki imetendeka, masikini kapewa ulimi.

Mimi nilisema hivyo hivyo, mpaka nilipomsimulia bibi.

Nilikwenda Tanga likizo, umeme umekatika, tumekaa barazani. Bibi yangu hakusoma shule, hata hivyo hadithi anaijua kuliko wahariri wengi, samahani kwa wahusika. Nikamsimulia yote kwa Kiswahili. Hakucheka pale nilipocheka mimi. Alicheka kwa mke wa Muni tu. Kisha akauliza:

"Farasi alikuwa wa nani?"

"Wa kijiji, bibi. Wa zamani. Hata wenyewe walishamsahau."

"Kumsahau siyo kumuuza. Huyo mzee kauza nini?"

"Yeye kwa mawazo yake kauza mbuzi."

"Na mbuzi wamerudi."

"Wamerudi."

"Basi hajauza kitu. Na Mzungu kachukua kitu ambacho hakuna aliyemuuzia." Akanyamaza, akaweka tambuu shavuni. Nikadhani tumemaliza. "Sasa mume wangu, hebu niambie. Umesema mzee hajui Kizungu."

"Hajui kabisa."

"Na kitabu ni cha Kizungu."

"Ndiyo."

"Wewe umeyajuaje maneno yake?"

Nikaanza kumweleza habari za mwandishi, kwamba mwandishi anajua lugha zote mbili, kwamba ndiyo kazi ya fasihi. Akanisikiliza kwa upole, ule upole wa mtu anayemsubiri mtoto amalize. Halafu akasema, "Mimi nikisema jambo, wewe ukaliandika kwa Kizungu, nitajuaje kama ndilo nililosema?"

Jibu sikuwa nalo, na hadi leo ninalo nusu tu. Yeye alikuwa anauliza kwa makusudi, maana alijua nina hadithi mkobani inayomhusu. Ilikuwa inahusu mwanamke mzee anayeuza vitumbua alfajiri na jinsi alivyomzika mumewe. Kulikuwa na mashindano, masharti yanataka Kiingereza, zawadi nono. Vitumbua ni vyake, kifo ni cha babu, maneno aliyoyasema siku ile mbele ya kaburi ni ya kwake. Kiingereza tu ndicho kilichokuwa changu, nacho cha kuungaunga.

Unaweza kusema, ah, bibi hasomi hata Kiswahili, kwa hiyo tofauti iko wapi? Ipo. Kiswahili nitamsomea, atasikiliza, atasema "hapana, sikusema hivyo, nilisema hivi." Anaweza kunisahihisha. Kwa Kiingereza ananitazama mdomo unavyocheza kama Muni alivyomtazama Mmarekani. Hapo ndipo ninapoliona suala la haki. Watu wengi wanaobishana kuhusu lugha ya fasihi wanaanza na utaifa, ukoloni, soko la vitabu. Mjadala wa Ngũgĩ na Achebe sote tunaujua, sitaurudia hapa. Mimi naanza na jambo dogo: yule niliyemchukulia maneno, ana nafasi ya kuniambia nimekosea?

Si kwamba Kiingereza kina sumu. Khushwant Singh, aliyefariki mwaka 2014 akiwa amekaribia miaka 100, naye aliandika kwa Kiingereza, na kwenye hadithi yake "Karma" kakigeuza Kiingereza chenyewe kuwa kichekesho cha uchungu. Sir Mohan Lal ni Mhindi anayekipenda Kiingereza kuliko Waingereza. Lugha ya kwao anaiongea kwa lafudhi ya kigeni, kwa makusudi. Yuko stesheni, kwenye chumba cha kusubiria cha daraja la kwanza, anajitazama kwenye kioo. Mkewe Lachmi yuko nje kwenye jukwaa, anatafuna tambuu na kupiga soga na mchukuzi. Sir Mohan anapanda behewa lake, kajiandaa kuwavutia Waingereza kwa matamshi yake ya chuo kikuu. Wanaingia wanajeshi wawili wa Kiingereza, wala hawana habari na matamshi yake. Wanamtupa nje na mizigo yake na treni inaondoka. Lachmi yuko kwenye behewa la wanawake, hajui lolote, anatema mate ya tambuu dirishani.

Nilipoisoma nilikuwa ndani ya daladala, na nyuma yangu vijana wawili wanaongea ile lugha yetu ya mjini, Kiswahili kilichonyunyiziwa Kiingereza ili abiria wajue kwamba watu hawa wamesoma. Nikajikuta nakificha kitabu. Kwa sababu na mimi nilikuwa nimekishika wima, jalada nje, ili watu waone. Sir Mohan Lal hakuishi Bara Hindi peke yake, bwana.

Hata hivyo Sir Mohan angesomaje hadithi inayomsema kama isingekuwa kwa Kiingereza? Hii ndiyo nusu ya jibu nililokwambia ninayo. Khushwant Singh alimwandika mtu kwa lugha ya mtu huyo. Mtu wa daraja la kwanza kaandikwa kwa lugha ya daraja la kwanza, akitaka kujibu na ajibu. Lachmi, ambaye hadithi inampenda, ndiye asiyeweza kuisoma. Lakini naye ona: mwandishi hakumpa mawazo mazito. Kamwacha na tambuu yake, na mate yake, na dirisha. Labda hiyo nayo ni adabu, kutoingia sana ndani ya mtu ambaye huwezi kumuuliza.

Nikaendelea kusoma, nikafika kwa Premchand. Huyu ni mambo mengine. Alizaliwa mwaka 1880 karibu na Banaras, akafariki 1936, aliandika kwanza kwa Kiurdu, baadaye akahamia Kihindi. Kwa hiyo mimi nilimsoma katika tafsiri. Hadithi yake niliyoisoma ni ya baba na mwana, Ghisu na Madhav, wa tabaka la chini, wavivu wa kupindukia. Wamekaa nje ya kibanda wanachoma viazi walivyovichimba kwenye shamba la mtu. Ndani, Budhia, mke wa Madhav, anakufa kwa uchungu wa uzazi. Hakuna anayeingia kumtazama, na Madhav anaogopa kwamba akiingia baba yake atamaliza viazi. Anakufa. Wanakwenda kuomba omba, wanapata rupia tano za sanda, wanaingia sokoni, wanaishia kilabuni. Wanakula na kunywa hela yote ya sanda, na sababu wanazojipa ni nzuri kabisa: nguo yenyewe si itaungua pamoja na maiti, ina faida gani?

Sijasoma kitu cha kikatili zaidi ya viazi vile. Ila ninachotaka kukisema hapa ni jina la hadithi. Tafsiri niliyokuwa nayo ilitumia neno la Kiingereza la sanda, nami sikulijua, nikalitafuta kwenye kamusi, nikaliandika kwenye daftari langu la misamiati. Baadaye kabisa ndipo nikajua jina lake la asili: "Kafan". Kafan! Bibi yangu hahitaji kamusi hapo. Maiti akishaoshwa anakafiniwa, hilo neno kila nyumba ya Pwani inalo. Asili yake Kiarabu, likaenda mashariki mpaka kwenye Kiurdu na Kihindi, likashuka kusini mpaka kwetu, na pande zote mbili linawafunika wafu. Mimi, ili nilipate neno lililokuwa chumbani kwa bibi, nimezunguka London.

Hapo ndipo nilipomwona Kiingereza alivyo kwenye maisha yangu: dalali. Neno hilo nalo wanalo, na kwao nalo ni mtu wa kati. Dalali si mwizi lazima. Kuna nyumba usingeipata bila dalali. Bila Kiingereza mimi nisingemjua Premchand, kwa kuwa Kihindi na Kiurdu sijui, na wanaozijua hapa mjini hawajanitafsiria. Lakini dalali ana tabia yake. Anapenda mwenye nyumba na mpangaji wasikutane. Ukishampata mwenye nyumba ana kwa ana, yeye kibarua kimeota nyasi.

Na wenye nyumba tunao hapa hapa. Sisi Dar tunasema "Kihindi" kana kwamba ni lugha moja, wakati wenye maduka tuliokua nao wengi wao huongea Kigujarati na Kikachi. Nimepita mbele ya kaunta zao tangu utoto, nimenunua sukari robo na mafuta ya taa, na sikujua chakula chao cha usiku ni nini mpaka nilipomsoma M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, kwenye mkusanyo wake wa hadithi fupi Uhuru Street, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtaa ni wetu, mimi naujua kwa miguu. Ila yeye ananionyesha kutoka upande wa pili wa kaunta, na kutoka upande ule sisi ndio tunaopita: mtumishi, mteja, mtu wa barabarani. Safari hii mimi ndiye niliyeandikwa, na watu ambao mtaani wangeongea Kiswahili, ukurasani wanaongea Kiingereza. Hakuna ubaya mkubwa, kaandika kwa macho ya kweli. Lakini kwa mara ya kwanza nililisikia swali la bibi masikioni mwangu mwenyewe: ndivyo tulivyosema kweli?

Abdulrazak Gurnah naye, mwana wa Unguja, alitoa Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Watu wa humo ni wa Pwani yetu, wafanyabiashara na misafara ya bara. Ilibidi ipite tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 ndipo mwaka 2022 ikatoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na watu wale wakasikika kwa lugha ambayo wangeisema. Miaka 28. Nimeisoma Peponi, na kuna mahali nilihisi kwamba Kiswahili ndicho asili na Kiingereza ndicho kilichokuwa tafsiri. Sijui kama Gurnah angekubali. Mimi nilihisi hivyo.

Wenzangu wa kijiweni hawakubaliani na mimi, na hoja yao nzito ni hii: India wameandika kwa Kiingereza na wamefanikiwa, kwa nini sisi tujibane? Wahindi wenyewe wanasema Kiingereza ni lugha yao sasa. Nawajibu hivi. Katiba ya India inataja lugha 22. Narayan wa kusini na Khushwant Singh wa Punjabi, kila mmoja na lugha yake ya nyumbani, ilibidi wakutane mahali. Kiingereza kiliwapa mahali pa kukutania, ingawa Kihindi nacho kinagombea nafasi hiyo na ugomvi haujaisha. Sisi tuna lugha zaidi ya 100 Tanzania hii, na mahali pa kukutania tunapo tayari. Msukuma na Mdigo hawamhitaji dalali. Kwa hiyo sababu ya Mhindi, hata kama kwake ni nzuri, kwangu haishiki. Nitalazimika kutafuta sababu yangu mwenyewe, na kila ninayoipata ina harufu ya hela ya mashindano.

Hela siyo dhambi, tusidanganyane. Mwandishi naye anapanda daladala kwa nauli. Narayan asingechapishwa kule Uingereza tusingekuwa na Muni. Na kuna jambo jingine linalonitatiza, nalisema japo linaharibu hoja yangu: nisingejua thamani ya neno dobi kama nisingelikuta kwa wageni. Kiswahili changu nimekisikia vizuri zaidi nikiwa njiani kujifunza Kiingereza. Kafan ilinirudisha kwa bibi. Huyu dalali ninayemlaumu ndiye aliyenifikisha mlangoni kwangu mwenyewe, akanidai ujira.

Mashindano yalifungwa mwezi ule, hadithi ya vitumbua haikwenda. Nimemsomea bibi kwa Kiswahili mara mbili. Kafuta sehemu mbili: mahali nilipoandika kwamba alilia kaburini ("wanawake hatukwenda kaburini, wewe umetoa wapi hilo?") na mahali nilipoandika bei ya vitumbua. Bei ndiyo iliyomkera zaidi.

Sasa hivi nahangaika na kazi nyingine, ya kujifundisha tu. Naigeuza "Kafan" kwa Kiswahili. Naigeuza kutoka Kiingereza, sina njia nyingine, lakini jina nimelirudisha kwao na kwetu. Kuna ndugu mmoja mwenye duka la vitambaa mtaani kwetu anayesoma Kihindi, nampelekea kila ukurasa, ananiambia hapa mfasiri wa Kiingereza kapunguza, hapa kaongeza. Anaitwa na wateja, anaacha sentensi katikati, anarudi. Tumekwama kwenye viazi. Nilikuwa nimeandika viazi ulaya, kama tunavyosema wengi, akashika kichwa: Ulaya imefikaje kwenye jivu la Ghisu? Viazi vitamu navyo sivyo. Tukabishana mpaka akaja mama mmoja wa Kiunguja kununua lesi, akatusikia, akasema sisi tunasema mbatata. Mwenye duka akapiga kaunta. Kwao wanasema batata. Nikafuta, nikaandika mbatata, tukaendelea na mstari unaofuata, pale Madhav anapoambiwa aingie ndani akamtazame mkewe na hataki kuinuka.